Mkoba wa watoto safarini: Hesabu saa, usihesabu sufuria

Tulikuwa tumekwama kwenye foleni ya Mwenge, saa kumi na mbili jioni ya Boxing Day mwaka jana, mtoto wa kati wa dada yangu alipoanza kutapika ndani ya Noah tuliyokodi. Kabla hatujapata kitambaa cha kumfutia, mdogo wake wa miaka miwili naye akaanza. Kilichotoka kilikuwa pilau. Pilau hiyo niliipika mimi.

Mimi ndiye ninayeandika habari za afya kila wiki, na nimewahi kuandika kuhusu kunawa mikono, maji salama na kipindupindu. Siku ile nilikaa kiti cha nyuma nimempakata mtoto aliyelegea, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiandika popote mpaka leo.

Kwenye zahanati ya karibu na nyumbani, daktari wa zamu alimpima mdogo, akambana ngozi ya tumbo kuona inarudi kwa kasi gani, akaangalia macho yake yaliyokuwa yamezama. Nilijiandaa kuulizwa watoto wamekula nini. Aliuliza kitu kingine: “Kilipikwa saa ngapi?”

Nikahesabu kwa vidole. Niliamka saa kumi alfajiri. Pilau iliiva saa kumi na moja, nikaijaza kwenye hotpoti ikiwa ya moto. Tulipanga kula saa sita mchana. Tulipofika kwenye bustani ya michezo ya maji tukaambiwa chakula cha nje hakiingii, tukakiacha kwenye gari. Watoto hawakutaka kutoka majini. Tulikula saa tisa alasiri, tumesimama nyuma ya gari. Saa kumi zilikuwa zimepita tangu iive.

Daktari hakusema neno, aliandika tu. Watoto walipewa maji ya ORS kwa kijiko, kidogo kidogo, na mdogo akaongezewa vidonge vya zinki alipoanza kuharisha. Tulikaa pale hadi alfajiri. Hakuna kipimo kilichotafuta bakteria gani alihusika, ila daktari alisema dalili zenyewe na saa zilipoanzia vilielekeza kwenye chakula. Mtoto mkubwa, ambaye alikuwa amekula vijiko viwili tu kwa sababu ya haraka ya kurudi kwenye maji, hakuumwa kitu.

Wahenga walisema akiba haiozi. Nadhani hawakuwa wanazungumzia pilau ndani ya hotpoti, mwezi Desemba, Dar es Salaam.

*Kwa nini pua haikutuambia*

Kitu kilichonisumbua zaidi ni kwamba pilau ile haikuwa imechacha. Ilinukia vizuri, mdalasini na iliki vyote vipo. Dada yangu alionja, mimi nilionja, dereva alikula sahani nzima akashukuru.

Wali una tabia yake. Mchele mbichi unaweza kuwa na bakteria anayeitwa Bacillus cereus, ambaye hujihifadhi katika hali ya mbegu ngumu isiyokufa kwa kuchemshwa. Wali ukikaa katika joto la uvuguvugu, mbegu hizo huamka, huzaliana na kutengeneza sumu. Sumu ile inayosababisha kutapika haiondoki hata ukipasha wali moto tena, na haina harufu. Kutapika huanza kati ya saa moja na saa sita baada ya kula. Watoto wetu walianza baada ya saa tatu.

Hotpoti nayo niliielewa vibaya. Nilidhani kazi yake ni kuhifadhi chakula. Kazi yake ni kuchelewesha kupoa. Joto linalowapa bakteria nafasi ya kuzaliana ni kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi. Hotpoti nzuri itakishikilia chakula juu ya nyuzi 60 kwa muda, kisha itakiweka kwenye uvuguvugu kwa saa nyingi, na uvuguvugu ndio bakteria wanaoutaka.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa kanuni tano za chakula salama mwaka 2001, na mojawapo ni hii: chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa mbili bila kuwa cha moto sana au cha baridi sana. Joto la hewa likivuka nyuzi 32, kama inavyotokea kwetu Desemba na Januari, wataalamu wa usalama wa chakula wanashauri iwe saa moja. Kanuni hiyo nilikuwa nimeiandika gazetini. Sikuwahi kuipeleka jikoni kwa dada.

*Mwaka huu, mkoba mwingine*

Likizo ilipofunguliwa, watoto waliomba kurudi kulekule. Mtoto hasahau mteremko wa maji kwa sababu ya usiku mmoja wa zahanati. Mama yao alikataa. Alikubali baada ya siku tatu, kwa sharti moja: “Mkoba funga wewe, ila nitasimama pembeni nione.”

Kitu cha kwanza nilichofanya mara hii kilikuwa kupiga simu. Niliuliza maswali matatu: Chakula cha nje kinaruhusiwa? Cha mtoto mdogo je? Tukitoka kwenda kula kwenye gari, tunaruhusiwa kurudi? Jibu lilikuwa kwamba chakula hakiingii isipokuwa cha mtoto mdogo na maji, na kwamba mwenye utepe wa mkononi anaweza kutoka na kurudi. Simu ya dakika mbili ilibadilisha mpango mzima. Bustani nyingi za michezo zina masharti yake, na ni heri uyajue ukiwa nyumbani kuliko uyajue getini umebeba sufuria.

Ijumaa usiku nikachukua karatasi. Badala ya kuandika vyakula, niliandika saa. Nikajiuliza watoto watakuwa na njaa lini, na kila chakula kitakuwa kimetoka jikoni muda gani kufikia hapo. Ikaja milo midogo minne: njiani, getini, adhuhuri na wakati wa kurudi.

Mama yangu, bibi yao, alikuwa amekuja kutoka Tanga. Aliiangalia karatasi yangu akacheka. Alisema zamani wakisafiri kwa basi siku nzima walibeba muhogo wa kuchoma, korosho, tende na machungwa, na hakuna aliyewapa karatasi. “Chungwa,” akasema, “Mungu ameshalifunga mwenyewe.”

Nilicheka, kisha nikaona amesema lote. Vitu alivyovitaja viko vya aina mbili. Kuna vikavu, kama tende na korosho, ambavyo bakteria hawapati unyevu wa kuzaliana ndani yake. Na kuna vilivyo ndani ya ganda lake, kama chungwa na ndizi, ambavyo mkono wa mtu haujavigusa ndani. Vyakula vya kukupa wasiwasi ni vile vyenye majimaji vilivyopikwa: wali, nyama, maharage, mayai, maziwa, sambusa za nyama, kachumbari yenye mayonezi. Hivyo vinahitaji barafu au vinahitaji kuliwa upesi.

Sokoni Tabata nilitumia Sh21,000 kwa watu sita: ndizi kisukari, machungwa, embe dodo tatu, matango, viazi vitamu, mayai kumi, korosho robo kilo, tende na unga wa chapati. Siagi ya karanga ilikuwepo nyumbani. Chupa sita za maji nilizijaza pungufu kidogo, maana maji yakiganda hutanuka, nikaziweka kwenye friza usiku kucha. Hizo ndizo zilikuwa barafu yetu ndani ya deli, na zilipoyeyuka zikawa maji ya kunywa. Mifuko ya plastiki ya kubebea tuliachana nayo tangu ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, kwa hiyo vyakula vikaenda kwenye makopo yenye mifuniko na kikapu cha ukili cha bibi.

Karanga na korosho nilizipitia moja moja kwenye mwanga. Zenye ukungu, zilizosinyaa au zenye uchungu hutupwa, hazikaangwi upya. Sumukuvu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 ilitoka kwenye mahindi, ila ukungu wake hupenda karanga vilevile, na moto wa jikoni hauimalizi.

*Kutoka Tabata hadi baharini*

Tuliondoka saa moja na nusu asubuhi. Viazi vitamu vilikuwa vimeepuliwa saa kumi na mbili na nusu, vikapoa, vikakatwa. Tulipita Barabara ya Mandela, tukapanda juu ya Kijazi pale Ubungo, watoto wakihesabu mabasi ya mikoani, tukashika Sam Nujoma hadi Mwenge. Foleni ilikuwepo kama kawaida yake, hata Jumamosi.

Palepale Mwenge, mahali tulipotapikiwa mwaka jana, nikafungua kopo la kwanza. Saa mbili na robo. Mkubwa, ambaye sasa ana miaka tisa, alichukua kipande cha kiazi, akakiangalia, akaniuliza kwa sauti ya daktari: “Mama mdogo, hiki kilipikwa saa ngapi?”

Dada yangu aliangua kicheko kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Nikamjibu mwanangu kama alivyouliza: kimetoka motoni saa kumi na mbili na nusu, hakijafikisha saa mbili. Akala.

Mdogo, mwenye miaka mitatu, alipewa kiazi kilichopondwa kidogo, akala gari likiwa limesimama. Hili wazazi wengi hulisahau. Mtoto aliye chini ya miaka minne hapaswi kupewa karanga au korosho nzima, bisi, pipi ngumu, zabibu nzima wala vipande vigumu vya karoti mbichi, kwa sababu vinaweza kuziba njia ya hewa. Hatari huongezeka gari likiruka mashimo au mtoto akikimbia na chakula mdomoni. Yeye korosho alizila zikiwa zimesagwa ndani ya chapati.

Barabara ya Bagamoyo ilifunguka baada ya Lugalo. Tukapita Tangi Bovu na Africana, mbele kidogo tukakata kulia kuelekea baharini. Upepo wenye chumvi ukaingia dirishani, na watoto wakaanza kupiga kelele kabla hata hatujaona maji.

Geti lilikuwa bado halijafunguliwa. Familia zilikuwa zimekaa chini ya mivinje, kila moja na vifurushi vyake. Nilihesabu hotpoti saba. Niliziangalia kama mtu aliyewahi kugongwa anavyoangalia pikipiki. Sikwenda kumhubiria mtu, lakini jirani yetu aliponikaribisha chai, nilimuuliza kwa upole wangekula saa ngapi. Akasema watakula mapema, kabla ya kuingia. Nikapumua.

Hapo tulikula mayai. Niliyachemsha mpaka kiini kikakauka, nikayapooza kwenye maji safi ya baridi na kuyaweka kwenye deli yakiwa na maganda yake, katikati ya chupa zilizoganda. Yalikuwa baridi kabisa. Kila mtoto alinawa kwanza kwa maji ya chupa na kipande cha sabuni. Yai na chungwa humpa mtoto kitu cha kukaa tumboni bila kumjaza. Nilikulia kwenye onyo kwamba ukila ukaingia majini utazama, na ushahidi hauungi mkono hofu hiyo. Lakini mtoto aliyeshiba wali na soda akizungushwa kwenye mteremko, anaweza kuvirudisha vyote.

*Soda tuliyogombania*

Ndani ya bustani hakuna mtoto anayekumbuka kiu. Amelowa mwili mzima, kwa hiyo hahisi jasho, kumbe jua la saa tano linamkausha. Nilikuwa nawaita kila baada ya nusu saa, wanywe maji mafunda machache, hata wakikunja uso. Kipimo changu ni choo: mkojo wa njano iliyokolea maana yake maji hayatoshi.

Kibanda cha soda kilikuwa hatua chache kutoka mteremko mkubwa. Wa kati aliiona. Alilia mpaka watu wakageuka.

Soda ya kola ya mililita 350 ina sukari takriban gramu 37, karibu vijiko tisa vya chai. Madaktari wa moyo wa Marekani wanashauri mtoto wa zaidi ya miaka miwili asizidishe gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima, yaani vijiko sita. Namba hizo nazijua kwa kichwa. Mtoto wa miaka sita anayelia kwenye jua hazijui.

Dada yangu ndiye aliyeamua. Alinunua chupa moja, akaigawa kwenye vikombe vitatu, akasema hiyo ndiyo ya leo. Kilio kikaisha. Nilijifunza hapo kwamba mkoba wa chakula bora haupo ili kumnyima mtoto raha ya siku yake. Upo ili soda iwe kionjo, isije ikawa ndiyo chakula kwa sababu hakuna kingine.

Saa sita na nusu tulitoka na tepe zetu mkononi hadi kwenye gari, tulilokuwa tumeliegesha kivulini makusudi. Barafu ilikuwa imeyeyuka nusu, chupa bado zinauma mkono. Tukala chapati zilizoviringishwa na siagi ya karanga, matango yaliyokatwa palepale, na embe. Embe nililikata mwenyewe kwa kisu nilichokiosha, kwa sababu tunda likishakatwa linakuwa kama chakula kilichopikwa: nalo linahesabiwa saa. Watu wazima tulirudi ndani tukaagiza sahani mbili za chipsi kuku, zikatoka zikifuka moshi, watoto wakadokoa. Chakula cha moto kilichopikwa mbele yako na kuliwa papo hapo hakina ubaya. Hoja yangu ni kwamba usikitegemee peke yake, maana bei yake ni ya bustani.

*Safari ya kurudi ndiyo ngumu*

Tuliondoka saa kumi jioni. Nimegundua wazazi wengi hufunga chakula cha kwenda na kusahau cha kurudi. Watoto hutoka majini wakiwa na njaa kuliko walivyoingia, wamechoka, na mbele yao kuna foleni. Hapo ndipo biskuti, krispi na juisi za dirishani hununuliwa kwa mafungu, na hapo ndipo kiporo cha mchana hufunuliwa kwa mara ya pili.

Kopo langu la nne lilikuwa na vitu ambavyo saa haziviathiri: ndizi, tende, korosho. Na maji yaliyobaki ya chupa zilizoganda. Yai moja lililosalia nililitupa. Dada yangu aliniona nikilitupa, hakusema kitu. Ni yai tu, na usiku wa zahanati uligharimu zaidi ya trei nzima.

Mzazi unayepanga safari wiki hii, iwe bustani ya maji, ufukweni au kwa babu, chukua na pakiti mbili za ORS. Mtoto akitapika au kuharisha, changanya kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa kwenye pakiti, mpe kwa kijiko kidogo kidogo, akitapika subiri dakika kumi uendelee. Ukiona macho yamezama, amelegea, anashindwa kunywa au kuna damu kwenye choo, usisubiri kufika nyumbani. Ingia kituo cha afya kilicho karibu nawe.

Tulivuka Mwenge saa kumi na moja na nusu. Wote watatu walikuwa wamelala, mdogo na kipande cha ndizi mkononi. Mama yao aligeuka kuwaangalia kila taa nyekundu, mpaka Ubungo.

Nyumbani bibi alikuwa ameshaanza kukaanga vitunguu. Nyama ilikuwa imekaa kwenye friji tangu asubuhi, mchele ameuosha tulipompigia simu kumwambia tumefika Ubungo. Saa moja na nusu usiku pilau iliepuliwa, na saa mbili kasoro robo sinia lilikuwa limebaki tupu.